Unga wa Mafuriko na Kura ya Agosti



Kalenda ya taifa letu inasema tutapiga kura Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kalenda ya mvua inasema masika huanza Machi na kuisha Mei. Kwa hiyo kabla hatujapanga foleni mbele ya sanduku la kura, tutakuwa tumepitia masika ya mwaka huo. Inaweza kuwa ya neema, ya kuotesha mahindi na kujaza visima. Inaweza kuwa kama ile ya 2024. Au inaweza kukosa kabisa, tuingie Agosti tukiwa na njaa.

Wengine mmeniandikia mkiuliza, "Mchungaji, mafuriko yanahusiana vipi na siasa? Si mvua ni ya Mungu?" Ni kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini mtaro ni wa kaunti. Na kati ya mvua ya Mungu na mtaro wa kaunti ndipo kura yako ilipo. Leo naomba tukae hapo katikati kidogo. Ni somo refu, kwa hiyo kama uko kwenye matatu, soma polepole hadi ushuke.

Kwanza, maafa yanaweza kuizuia kura yenyewe.

Wa umri wangu mnakumbuka El Niño ya 1997. Mvua ilishika kuanzia Oktoba, ikabomoa madaraja na kukata barabara, hata ile kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Uchaguzi ukafanyika tarehe 29 Desemba mvua ikiwa bado inanyesha. Vifaa vilichelewa kufika vituo vingi, ikabidi upigaji kura uongezwe siku ya pili. Fikiria mama aliyetembea kwenye tope tangu alfajiri, akafika kituoni, akaambiwa masanduku hayajafika. Anarudi nyumbani kwa watoto. Je, kesho atatembea tena? Wako waliorudi kesho yake. Wako ambao hawakurudi.

Siku hizi Katiba imeuweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti, wakati sehemu nyingi za nchi ni kavu. Lakini maji ya Aprili yanaweza kukufikia Agosti kwa njia nyingine: kitambulisho. Maji yakiingia nyumbani usiku, mtu hushika mtoto kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kitambulisho kinabaki kwenye kabati na kabati linakwenda na mto. Halafu familia inahamia kwa shemeji, mtaa mwingine, pengine kaunti nyingine, na jina lake limebaki kwenye kituo cha kule alikotoka. Siku ya kura anahesabu nauli ya kwenda na kurudi, anaihesabu tena, anaamua kukaa. Hakuna aliyemnyima kura. Mto ulimnyima, na hakuna aliyemkumbusha kuirudisha.

Pili, maafa yanahamisha mioyo. Hapa historia iko wazi, na tuanzie mbali kabla ya kurudi nyumbani.

Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kiliipiga pwani ya Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo tunaiita Bangladesh. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Watu wa huko walikuwa na malalamiko ya miaka mingi dhidi ya serikali iliyokuwa Magharibi, na walipoona msaada unakuja polepole wakati maiti ziko mashambani, malalamiko yale yakapata ushahidi. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 7 Desemba, hata mwezi haujaisha. Sehemu zilizoumia zaidi zilipiga kura baadaye, Januari. Chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilichukua viti 160 kati ya 162 vya upande wa Mashariki. Watawala wakakataa kukabidhi madaraka, vita ikazuka, na kabla mwaka 1971 haujaisha nchi mpya ilikuwa imezaliwa. Kimbunga hakikuyaanzisha yote hayo. Lakini kilifungua macho ya watu kuhusu nani anawahesabu kuwa watu.

Sasa Ujerumani, Agosti 2002. Mto Elbe na mito yake ilifurika. Kansela Gerhard Schröder, ambaye chama chake kilikuwa nyuma kwenye kura za maoni, alionekana katika mji wa Grimma akiwa amevaa viatu vya mpira, anatembea kwenye matope. Msaada ukafuata upesi. Tarehe 22 Septemba chama chake kilikishinda muungano wa wapinzani kwa kura kama 6,000 tu katika nchi nzima. Kulikuwa na mambo mengine, hasa suala la vita vya Iraq, lakini wataalamu waliopima wilaya zilizofurika waliona kwamba huko kura zake ziliongezeka zaidi.

Nchi hiyohiyo, Julai 2021. Mafuriko yakaua watu zaidi ya 180. Armin Laschet, aliyekuwa anataka kuwa kansela, alinaswa na kamera akicheka nyuma wakati Rais wa nchi akitoa pole kwa wafiwa. Sekunde chache tu. Mwezi Septemba chama chake kilipata matokeo mabaya kuliko yote tangu 1949. Hata hapo kulikuwa na sababu nyingine, lakini kicheko kile hakikusahaulika.

Turudi nyumbani. Februari 2017 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Bei ya unga ikapanda hadi akina mama wakawa wananunua kwa kupimiwa. Mwezi Mei ukaja unga wa ruzuku, paketi ya kilo 2 kwa shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa tarehe 8 Agosti. Miaka 5 ikapita. Ukame ukarudi, misimu ya mvua ikikosa mmoja baada ya mwingine, mifugo ikafa kaskazini kwa wingi wa kutisha. Julai 2022 ukaja tena unga wa ruzuku, kilo 2 kwa shilingi 100. Uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti. Kabla mwaka ule haujaisha, bei ile haikuwepo tena dukani.

Sisemi unga ule ulikuwa dhambi. Mwenye njaa alikula, na tunamshukuru Mungu kwa kila aliyekula. Tena mwaka 2022 mgombea aliyeungwa mkono na serikali iliyokuwa inaondoka hakutangazwa mshindi, kwa hiyo usidhani Mkenya ni mtu wa kununuliwa na paketi moja. Ninachouliza ni kimoja: mbona njaa yetu inaonekana vizuri zaidi miezi michache kabla ya kura?

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Andrew Healy na Neil Malhotra, walichapisha kazi yao juu ya jambo hili. Walilinganisha kura za urais na pesa ambazo serikali ilitumia kwa maafa. Wakakuta kwamba wapiga kura humlipa kiongozi anayeleta msaada baada ya janga, lakini hawamlipi anayetumia pesa kulizuia. Na wakakadiria kwamba dola 1 ya kujiandaa huokoa hasara ya kama dola 15 baadaye. Soma tena polepole. Anayechimba mtaro haonekani, kwa sababu mtaro ukifanya kazi hakuna kinachotokea. Watu wanalala, wanaamka, wanakwenda kazini. Hakuna picha ya kupiga. Anayeleta unga baada ya nyumba kusombwa, huyo ana picha.

Mwanasiasa si mjinga. Akiona tunalipa unga na hatulipi mtaro, ataleta unga.

Sasa fungua Biblia yako. Mwanzo 41 tunampenda Yusufu, na tuna haki. Miaka 7 ya shibe alikusanya nafaka mji kwa mji wakati hakuna aliyekuwa analia njaa. Huyo ndiye mtu wa mtaro. Lakini wengi wetu tunafunga kitabu hapo. Endelea hadi sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walileta fedha, zikaisha. Wakaleta mifugo, ikaisha. Mwishowe wakatoa mashamba yao, na wenyewe wakajitoa kuwa watumwa wa Farao, ili wapate mbegu na chakula. Nao walishukuru! Nafaka ile ile iliyookoa maisha ndiyo iliyohamisha ardhi yote ya nchi kwenda kwa mtu mmoja. Njaa ni soko ambalo muuzaji hapangi bei. Ndiyo maana neno hili si la siasa tu, ni la roho: ukiwa umelowa, una baridi na mtoto analia, unaweza kutoa kwa paketi moja kitu ambacho ungekitetea mwaka mzima ukiwa umeshiba.

Tazama pia 1 Wafalme 18. Nchi ina ukame mkali. Mfalme Ahabu anamwita Obadia, wanagawana nchi, kila mmoja anashika njia yake kutafuta majani. Ya nani? Ya farasi na nyumbu. Watu wake wanakufa njaa, yeye anafikiria zizi la ikulu. Na huyo Obadia, mtumishi wa nyumba ileile, alikuwa amewaficha manabii 100 mapangoni na kuwalisha mkate na maji kimyakimya. Wote wawili walikuwa serikalini. Janga halikubadilisha mtu yeyote kati yao, liliwafunua tu.

Niwaambie lililotupata sisi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 mto Mathare ulipanda. Kanisa letu ni la mabati, lakini liko juu kidogo, na kufikia asubuhi lilikuwa limejaa watu, magodoro yaliyolowa na sufuria. Nchini kote, hadi katikati ya Mei, waliokufa walikaribia 300. Mai Mahiu peke yake, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, ilizika wengi. Huku kwetu, maji yalipopungua zikaja tingatinga kubomoa nyumba za kando ya mto, na waliobaki na nyumba wakakosa nyumba.

Siku ya tatu ilifika pikapu na unga, maharagwe na mafuta ya kupikia. Pamoja na chakula kulikuwa na bango kubwa lenye uso wa mheshimiwa mmoja, jina lake halina kazi hapa. Vijana wake wakanipa masharti kwa upole kabisa: bango litundikwe mbele, pale madhabahuni, kila anayepokea apigwe picha, na kila mmoja aandike jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho kwenye daftari.

Wazee wa kanisa hawakukubaliana. Mmoja alisema watu wana njaa, bango ni kitambaa tu. Mwingine akasema daftari lile litarudi na wenyewe wakati wa kampeni. Mimi niliwaambia vijana: shusheni chakula, tutawashukuru na tutamwombea mheshimiwa, lakini bango na daftari mrudi navyo. Wakapiga simu. Wakasubiri kama nusu saa. Kisha wakawasha gari na kuondoka na kila kitu.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango, mtoto mgongoni, akanitazama. Akasema, "Pastor, mtoto hanyonyi msimamo."

Wapendwa, nilisimama pale na bado nasimama pale. Madhabahu haitundikwi uso wa mtu. Lakini neno la yule mama lina uzito kuliko mahubiri mengi. Anayekataa unga wenye masharti lazima awe na unga usio na masharti. Jioni ile tulipita nyumba kwa nyumba kwa washirika ambao maji hayakuwafikia. Mama mboga alitoa sukuma wiki yote aliyokuwa nayo. Vijana wa bodaboda walichanga pesa na kubeba maji. Saa tatu usiku watu walikula githeri, na yule mama alipewa kwanza. Hakuna aliyeandika jina. Tangu hapo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila nyumba inayoweza huleta kopo moja la maharagwe au mahindi stoo. Ni kidogo. Lakini kiko pale kabla ya mvua.

Hii si akili yetu. Ni Matendo 11. Agabo alitabiri njaa, na kanisa la Antiokia halikungoja lione kama kweli itakuja. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakatuma msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Unabii wa kweli kuhusu janga uliishia kwenye mfuko wa chakula.

Nagusa hilo kwa sababu mwaka ule wa kura mtasikia unabii mwingi. Mvua ikizidi, yupo atakayesema ni hasira ya Mungu juu ya kiongozi fulani. Isiponyesha, atasema ni laana ya upande ule mwingine. Yesu aliulizwa jambo la aina hii. Katika Luka 13 aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kusema walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Aliwaambia wanaosikia watubu wao wenyewe. Usikubali maiti za Mai Mahiu ziwe hoja ya kampeni ya mtu yeyote, hata yule unayempenda.

Basi tufanye nini? Mambo manne, yaandike mahali.

La kwanza, linda karatasi zako. Weka kitambulisho kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto, mahali ambapo mkono unafika gizani. Kikipotea, nenda uombe kingine mapema, usingoje Julai. Ukihama, peleka jina lako kwenye kituo cha unakoishi sasa wakati IEBC inaruhusu.

La pili, chakula cha msaada hakina deni. Nasema na wewe mama, na wewe baba uliyepoteza nyumba. Ukipewa unga ukiwa na njaa, kula, mshukuru Mungu. Humdai mtu na mtu hakudai. Kama ulitoka serikalini, ni kodi yako imerudi. Lakini mtu akisema, "Pokea hiki unipe kura," hiyo si huruma tena. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaiita hongo, na inamshika anayetoa na anayepokea. Kura ni siri, na siri hiyo ni yako na Mungu wako.

La tatu, uliza habari ya mtaro. Siku ya kura utapewa karatasi 6, si moja. Katika Katiba, Jedwali la Nne, mifumo ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti, na kukabili majanga ni kazi ya kaunti pamoja na serikali kuu. Tunamwaga hasira zote kwenye karatasi ya rais, kisha ya gavana na ya mwakilishi wadi tunapiga kwa mazoea. Mgombea akija na unga, mpokee kwa heshima, halafu muulize: mtaro wetu ulizibuliwa lini mara ya mwisho? Pesa za kuuzibua ziko ukurasa gani wa bajeti? Watu waliobomolewa nyumba watakwenda wapi?

La nne, andika. Sisi tunasahau haraka. Chukua daftari la shule, andika tarehe: nani alikuja, nani aliahidi, nani alirudi baada ya kamera kuondoka. Na muandike pia yule ambaye hakupigwa picha, yule Obadia wa mtaa wenu, chifu au karani au mwakilishi aliyezibua mtaro Februari wakati anga ni jeupe. Agosti ikifika, lisome daftari kabla ya kusoma mabango.

Naomba nawe: Baba, tupe mvua ya kiasi. Ikija kubwa, utukute tumejiandaa, na mlango wa nyumba yako uwe wazi kwa kila aliyelowa. Tupe viongozi wanaotafuta watu kabla ya farasi. Mpe mama mwenye mtoto mgongoni chakula asichokilipia kwa heshima yake. Na siku ya kura, utupe kumbukumbu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una kopo la maharagwe, Jumapili ya kwanza iko karibu. Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu.